Teknolojia safi katika Nachingwea na Ruangwa

Teknolojia safi katika Nachingwea na Ruangwa ni matumizi ya nishati ya jua, umeme, majiko yasiyo na moshi mwingi na usimamizi endelevu wa misitu katika wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania. Jina hilo hujumuisha pia uchimbaji wa madini yanayotumika kutengeneza betri, kwa kuwa wilaya hizi zina akiba ya kinywe (grafiti) na nikeli. Kwa hiyo Nachingwea na Ruangwa zimo katika suala la teknolojia safi kwa pande mbili: kama mahali ambapo kaya nyingi bado zinapikia kuni, na kama mahali panapotarajiwa kutoa malighafi kwa ajili ya magari ya umeme ya nchi nyingine.

Makala hii inaeleza historia ya teknolojia iliyoletwa katika eneo hilo, hali ya nishati majumbani, juhudi za umeme wa jua na nishati safi ya kupikia, misitu ya vijiji, madini ya betri, na mjadala kuhusu kama mambo hayo yanapunguza umaskini.

Eneo na wakazi

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za bara katika Mkoa wa Lindi. Wilaya nyingine za mkoa huo ni Lindi, Kilwa na Liwale. Katika sensa ya mwaka 2012 Nachingwea ilikuwa na wakazi 178,464 na Ruangwa 131,080. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imefikia 233,655 kwa Nachingwea na 185,573 kwa Ruangwa.

Wenyeji wengi ni Wamwera, pamoja na Wamakonde, Wayao, Wangindo na wengine. Shughuli kuu ni kilimo. Mazao ya chakula ni mahindi, muhogo, mtama na mpunga. Mazao ya biashara ni korosho, ufuta, mbaazi na karanga. Mazao ya biashara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), mzigo huwekwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada. Vyama vya msingi vya eneo hili viko chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Mpangilio huo wa mapato una maana kubwa kwa habari ya nishati. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata baada yake, na korosho huuzwa kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mkulima hupata fedha nyingi kwa mara chache, halafu hukaa miezi kadhaa akiwa na fedha kidogo. Kifaa chochote kinachodai malipo ya kila siku au kila wiki hakiendani kirahisi na kalenda hiyo.

Historia

Mpango wa karanga

Teknolojia kubwa ya kwanza kuletwa Nachingwea haikuwa safi wala haikufanikiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaanzisha mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika, kazi ikianza mwaka 1947. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilitarajiwa kuwa shamba kubwa kuliko yote kwa sababu ya mvua zake na ukaribu wake na bahari.

Matrekta na mitambo iliyobaki kutoka vitani ililetwa kung'oa miti. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Lakini udongo, mvua na miti ya miombo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, mashine ziliharibika mara kwa mara, na wakulima wa eneo hilo hawakuulizwa. Mpango ulifutwa mwezi wa Januari 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36 za Uingereza. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa.

Mpango wa karanga umekuwa mfano unaotajwa mara nyingi katika vitabu vya maendeleo duniani. Fundisho lake ni kwamba mashine nyingi na fedha nyingi haziondoi umaskini pale ambapo watakaozitumia hawakushirikishwa, vipuri havipatikani, na mazingira hayajulikani.

Baada ya uhuru

Katika miaka ya 1970 wakazi wengi wa vijijini nchini Tanzania walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Hatua hiyo ilikuwa na madhara yake, lakini iliacha makazi yaliyokusanyika kando ya barabara, jambo ambalo baadaye lilirahisisha kufikisha nguzo za umeme, visima na mashine za kusaga.

Katika kipindi hichohicho serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho katika mikoa inayozilima, kimojawapo Nachingwea. Viwanda vingi kati ya hivyo vilisimama katika miaka ya 1980, wakati uzalishaji wa korosho ulipoporomoka. Tangu hapo sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imekuwa ikisafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Pamoja na ajira, maganda ambayo yangeweza kuwa nishati ya viwandani huondoka nchini pamoja na korosho.

Nishati majumbani

Kuni na mkaa

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa chakula kingi hupikwa kwa kuni kwenye mafiga matatu. Mkaa hutumika zaidi katika miji midogo, kwa mamalishe na kwa wenye mabanda ya chai. Kuokota kuni ni kazi ya wanawake na watoto wa kike, na muda unaotumika huongezeka kadiri miti inavyosogea mbali na makazi.

Moshi wa jikoni husababisha magonjwa ya mfumo wa hewa, ya moyo na ya macho. Serikali ya Tanzania hukadiria kwamba watu takriban 33,000 hufariki kila mwaka nchini kutokana na moshi wa nishati chafu ya kupikia. Waathirika wakubwa ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa nao jikoni.

Mwanga

Kwa miaka mingi mwanga wa usiku ulitoka kwenye koroboi na taa za chemli zinazotumia mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli. Bei ilipopanda, kaya nyingi maskini nchini ziliacha koroboi na kuhamia kwenye tochi za betri kavu, na baadaye kwenye taa ndogo za sola. Mabadiliko hayo yalitokea haraka kuliko yale yaliyopangwa na mradi wowote, kwa sababu taa hizo zilipatikana katika maduka ya kawaida ya vijijini na bei yake iliweza kulipwa mara moja.

Betri kavu zina tatizo lake: zikiisha hutupwa shambani au chooni, na kemikali zake huingia katika udongo.

Umeme wa gridi

Mikoa ya Lindi na Mtwara kwa muda mrefu haikuunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, kisha kwenye mitambo ya Mtwara inayotumia gesi asilia ya Mnazi Bay. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika katika miaka ya 2000. Mkoa wa Lindi una gesi pia katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi asilia hutoa moshi mchache kuliko dizeli na makaa ya mawe, lakini si nishati jadidifu.

Usambazaji vijijini husimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Kwa awamu zake mbalimbali wakala huo umefikisha nyaya katika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Ada ya kuunganishwa kwa mteja wa kijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000.

Kijiji kufikiwa na umeme si sawa na nyumba kuwa na umeme. Baada ya ada kuna gharama ya kufunga nyaya ndani ya nyumba, na nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi ni vigumu kukubaliwa. Vitongoji vilivyo mbali na barabara kuu hubaki nje ya transfoma ya kwanza. Hata nyumba iliyounganishwa huenda ikatumia umeme kwa taa na simu tu, huku chakula kikiendelea kupikwa kwa kuni, kwa kuwa mwenye nyumba hununua umeme wa Luku kidogokidogo.

Mwaka 2025 mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika. Kwa hiyo kikwazo kikuu kimehama kutoka uzalishaji kwenda njia za kusafirisha na kusambaza umeme, jambo linalozihusu hasa wilaya za kusini zilizo mwisho wa njia.

Umeme wa jua

Kusini mwa Tanzania kuna jua la kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Vifaa vinavyotumika ni vya aina nne:

- Taa ndogo yenye paneli yake, inayotosha chumba kimoja na mara nyingi huchaji simu.
- Mfumo wa nyumba wenye paneli, betri na taa kadhaa, pengine pamoja na redio au televisheni.
- Mfumo wa taasisi, kwa mfano zahanati inayohitaji mwanga wa kuzalishia akina mama usiku na jokofu la chanjo, au shule yenye bweni.
- Pampu ya maji inayoendeshwa na paneli badala ya jenereta ya dizeli.

Kwa uchumi wa kijiji, pampu na mashine ni muhimu kuliko taa. Taa huokoa gharama na kumpa mtoto nafasi ya kusoma, lakini haimwongezei mkulima mapato moja kwa moja. Pampu inaweza kumwagilia bustani ya mboga wakati wa kiangazi, msimu ambao bei ya mboga hupanda. Biashara ya kuchaji simu, kunyoa nywele, kuuza vinywaji baridi au kushona kwa cherehani ya umeme huleta fedha katika miezi isiyo na mavuno. Hata hivyo mashine za kusaga, kukoboa na kukamua mafuta ya ufuta huhitaji nguvu kubwa kuliko ile ya mfumo wa kawaida wa nyumba, na kwa hiyo hutegemea gridi au dizeli.

Mafunzo ya wanawake mafundi

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa vijijini kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara walipelekwa India kujifunza ufundi wa sola kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la UN Women. Walisoma katika Chuo cha Barefoot, kilichoko Tilonia katika jimbo la Rajasthan. Chuo hicho kilianzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Hupokea wanawake wa makamo na wazee, wengi wao wakiwa hawakusoma au wamesoma kidogo, na kuwafundisha kwa miezi sita kuunganisha na kutengeneza vifaa vya sola. Kwa kuwa wanafunzi hutoka nchi nyingi na hawana lugha moja, mafundisho hutolewa kwa ishara, rangi na vitendo.

Sababu ya kuwachagua wanawake wazima ni kwamba kijana aliyepata cheti mara nyingi huhamia mjini kutafuta kazi, ilhali bibi mwenye shamba na wajukuu hurudi kijijini na kubaki huko. Kijiji huchangia fedha kidogo kila mwezi, na fedha hizo humlipa fundi na kununua vipuri. Mwaka 2015 chuo cha aina hiyo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja, hivyo wanawake wa Tanzania waliweza kujifunza kwa Kiswahili bila kusafiri hadi India.

Mfumo huu hutegemea mambo mawili: michango isikatike, na betri mbovu ibadilishwe. Betri ya mfumo wa nyumba hudumu miaka michache tu. Pale ambapo mfuko wa kijiji umekauka, paneli hubaki juu ya paa zikiwa nzima lakini taa haziwaki.

Malipo kwa simu

Njia nyingine ni kukopeshwa kifaa na kulipa kidogokidogo kwa simu. Njia hii ilianza kuenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupitia kampuni kama M-KOPA nchini Kenya na Off Grid Electric iliyoanzia Arusha. Kifaa hufungwa kwa mbali iwapo malipo yamechelewa. Mfumo huu hauhitaji dhamana wala akaunti ya benki, lakini bei ya jumla huwa kubwa kuliko ya kununua taslimu.

Kwa wakulima wa korosho tatizo ni msimu. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, wakulima waligoma kuuza, na serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo kwa kutumia jeshi kusimamia kazi hiyo. Katika mwaka kama huo, malipo ya mazao yakichelewa, deni la sola huchelewa pia, na nyumba hurudi gizani. Mpango unaopokea malipo makubwa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa minada, ungefaa zaidi katika eneo hili. Vyama vya msingi tayari vina utaratibu wa kuwapatia wakulima pembejeo kama salfa, ambao unaweza kuigwa.

Mfano unaotajwa mara nyingi kutoka nje ni Bangladesh. Huko shirika la serikali la IDCOL lilianza mwaka 2003 kutoa mikopo kupitia asasi za vijijini, na mifumo zaidi ya milioni 4 ikafungwa. Huko pia, gridi ilipofika vijijini, watu wengi waliacha kulipa mikopo ya sola. Hali hiyo inaweza kutokea popote ambapo REA na wauzaji wa sola wanafanya kazi bila kuambiana.

Nishati safi ya kupikia

Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Wakati mkakati unaandaliwa, kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 10. Serikali iliagiza pia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule, magereza na kambi, ziache kuni na mkaa.

Kwa wilaya za vijijini njia zilizopo ni hizi:

- Jiko banifu: hutengenezwa kwa udongo au bati na hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa. Ni nafuu na linaweza kufinyangwa kijijini, lakini bado linatoa moshi.
- Mtungi wa gesi: ni safi jikoni na hupika haraka. REA iliuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, ikipanga mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Ugumu uko kwenye kujaza tena: bei ya gesi hulipwa yote mara moja, wakati kuni huokotwa bure na mkaa hununuliwa kwa kopo.
- Jiko la umeme: vyombo vya kisasa vinavyopika kwa mgandamizo hutumia umeme kidogo, hata kwa maharage. Vinahitaji umeme usiokatika na wenye nguvu ya kutosha.
- Bayogesi: huhitaji samadi ya ng'ombe na maji kila siku. Kwa kuwa wakulima wengi wa Nachingwea na Ruangwa hawafugi ng'ombe wengi, inafaa zaidi kwa shule na taasisi.

Kaya nyingi hazihami moja kwa moja kutoka kuni kwenda gesi. Hutumia vyote: gesi kwa chai ya asubuhi na chakula cha haraka, kuni kwa maharage na kwa shughuli. Kwa hiyo idadi ya mitungi iliyogawiwa haionyeshi yenyewe ni kuni kiasi gani zimeokolewa.

Misitu ya vijiji

Sehemu kubwa ya wilaya hizi ni misitu ya miombo. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia kupitia kamati ya maliasili, na kuvuna mbao kwa mpango ulioidhinishwa. Mapato hubaki kijijini.

Kati ya miaka 2018 na 2024 Tanzania na Finland ziliendesha programu ya FORVAC iliyolenga misitu na mnyororo wa thamani wa mazao yake. Kanda yake ya Lindi ilikuwa na wilaya za Liwale, Ruangwa na Nachingwea. Vijiji vilisaidiwa kupima misitu, kuandaa mipango ya uvunaji, kutafuta masoko na kuchakata mbao kwa mashine bora zinazopoteza mti kidogo. Fedha za mbao zimetumika katika vijiji husika kwa ajili ya ofisi, madarasa, zahanati na visima.

Usimamizi huu ni teknolojia safi kwa maana ya kwamba unaupa msitu uliosimama thamani inayozidi ile ya kuuchoma mkaa au kuufyeka kwa ajili ya ufuta. Upanuzi wa mashamba ya ufuta ni moja ya sababu kubwa za kupungua kwa misitu kusini, kwa kuwa zao hilo hustawi katika ardhi iliyofyekwa karibuni na huleta fedha ndani ya msimu mmoja.

Madini ya betri

Kinywe cha Ruangwa

Kinywe ni aina ya kaboni yenye vipande vyembamba kama magamba. Hutumika katika matofali ya tanuri, vilainishi na kalamu za risasi, lakini mahitaji yake yameongezeka kwa sababu ndicho malighafi kuu ya ncha hasi ya betri za lithiamu. Betri ya gari moja la umeme huwa na makumi ya kilo za kinywe. Ukanda wa miamba wenye kinywe huanzia kusini mashariki mwa Tanzania na kuendelea hadi Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulipo mgodi wa Balama.

Katika wilaya ya Ruangwa kuna miradi mitatu inayojulikana:

- Lindi Jumbo, karibu na kijiji cha Matambarale, ulioanzishwa na kampuni ya Walkabout Resources ya Australia na kujengwa kwa lengo la kuzalisha tani 40,000 kwa mwaka.
- Nachu, uliotafitiwa na kampuni ya Magnis, zamani Uranex, kwa lengo la zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.
- Chilalo, wa kampuni ya Evolution Energy Minerals. Tarehe 17 Aprili 2023 kampuni hiyo ilitia saini mkataba na serikali ya Tanzania na kuunda kampuni ya ubia ya Kudu Graphite, ambamo serikali ina hisa za asilimia 16 zisizolipiwa.

Bei ya kinywe ilishuka katika miaka ya 2023 na 2024 kwa sababu ya uzalishaji mkubwa wa China, ambayo pia husafisha zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri duniani. Kushuka huko kumechelewesha miradi mingi ya Afrika Mashariki.

Nikeli ya Nachingwea

Katika kilima cha Ntaka, wilaya ya Nachingwea, kuna akiba ya nikeli iliyotafitiwa na kampuni za Canada na Australia. Leseni ya kushikilia eneo hilo ilifutwa baada ya marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 na kanuni za mwezi wa Januari 2018, zilizoondoa leseni za aina hiyo nchini kote. Kampuni ya Indiana Resources na washirika wake walifungua shauri mwaka 2020 katika kituo cha usuluhishi cha ICSID, kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwezi wa Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamua Tanzania ilipe dola za Marekani milioni 109.5. Baada ya mazungumzo pande zote zilikubaliana mwaka 2024 kwamba zilipwe dola milioni 90.

Shauri hilo linaonyesha kwamba utajiri ulio chini ya ardhi unaweza kuigharimu nchi kabla haujamwingizia mkazi wa Nachingwea hata shilingi moja.

Manufaa kwa wenyeji

Sheria inaweka njia kadhaa za mapato. Mrabaha wa madini ya viwandani kama kinywe ni asilimia 3 na huenda serikali kuu. Halmashauri ya wilaya hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Kwa mauzo ya shilingi bilioni 1, mrabaha ni shilingi milioni 30. Kampuni inatakiwa pia kukubaliana kila mwaka na halmashauri kuhusu mpango wa kuihudumia jamii, na kutoa kipaumbele kwa wafanyakazi, bidhaa na huduma za Watanzania.

Suala linalowagusa zaidi wanaoishi karibu na migodi ni fidia. Kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa mali kwa ajili ya fidia hudumu miaka miwili, baada ya hapo hurudiwa. Mradi unapochelewa kwa sababu ya bei au mtaji, familia iliyothaminiwa hukaa njia panda: inasita kuongeza chumba au kupanda mikorosho mipya isije ikakosa kulipwa. Mkorosho huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu, kwa hiyo miaka ya kusubiri ni mavuno yaliyopotea ambayo hayamo katika hesabu ya fidia.

Mjadala

Wanaounga mkono teknolojia safi kama njia ya kutoka katika umaskini hutaja faida nne: muda na afya vinavyookolewa jikoni, kupungua kwa gharama ya mwanga, biashara ndogo zinazowezekana baada ya umeme kufika, na ajira na kodi kutoka madini mapya. Nchi zinazoendelea, kwa hoja hii, zinaweza kuruka hatua ya makaa ya mawe na dizeli kama zilivyoruka simu za mezani na kwenda moja kwa moja kwenye simu za mkononi.

Wenye mashaka hujibu kwamba simu ilienea kwa sababu iliwaingizia watu fedha mara moja na matengenezo yake yalipatikana kila kona, ilhali taa ya sola hupunguza ugumu wa maisha bila kuongeza kipato. Wanasema pia kwamba kuwauzia maskini vifaa vidogo kwa mkopo kunaweza kuwa kisingizio cha kutowafikishia umeme wenye nguvu za kuendesha mashine. Kuhusu madini, wanaonya kwamba kusafirisha kinywe ghafi hakutofautiani na kusafirisha korosho ghafi: thamani kubwa hupatikana pale inapokamilishwa bidhaa.

Yapo mambo ambayo pande zote mbili hukubaliana. Kifaa kinadumu pale ambapo fundi na vipuri viko karibu. Malipo yanafuatwa pale yanapoendana na msimu wa mavuno. Umeme hupunguza umaskini zaidi unapofika kwenye mashine, pampu na ghala kuliko unapoishia kwenye taa. Na mradi mkubwa hufaulu zaidi wenyeji wanapojua mapema watapoteza nini na watapata nini, jambo ambalo mpango wa karanga haukulizingatia.

Tazama pia

- Mkoa wa Lindi
- Wilaya ya Nachingwea
- Wilaya ya Ruangwa
- Korosho
- Kinywe
- Nishati ya jua
- Wakala wa Nishati Vijijini
- Mpango wa karanga wa Tanganyika